Naogopa Kufa Kidole Kikiwa Juu ya Mpira

Mama Marceline mpendwa,

Uvumilie mwandiko huu, mkono wangu unatetemeka, na uvumilie pia urefu wake, kwa sababu nilifundisha hesabu na fizikia maisha yangu yote na kila mwaka niliwaambia wanafunzi waandike kwa kifupi, lakini leo nimeshikwa na woga na mtu mwenye woga hajui kifupi ni nini. Nisaidie. Sina mwingine wa kumwuliza, maana wale ambao ningewauliza ama nawaogopea ama nawaogopa wao wenyewe. Majina ya watu humu nimeyabadilisha. Langu usilitaje kabisa gazetini.

Mimi ni mjane, nina miaka sabini na minane, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na ninakufa. Daktari aliniambia hivyo kabla ya baridi kuanza. Alinionyesha picha ya moyo wangu, umepanuka kama mfuko wa zamani, akasema hauwezi tena kusukuma damu inavyotakiwa na unaweza kusimama wakati wowote. Nikamwuliza, "Docteur, wakati wowote maana yake nini?" Akajibu, "Maman, maana yake ni hiyo hiyo." Akanikataza chumvi, akanikataza baridi ya alfajiri, akanikataza kubana pumzi. Chumvi nimeiacha. Hayo mengine nayafanya kila siku ila Jumapili, na sababu ni mjukuu wangu, ambaye nitamwita Ariel.

Ariel ni mtoto wa binti yangu Hortense. Hortense anafanya biashara Kipushi, mpakani, anakuja Jumapili na kurudi, na mtoto nimemlea mimi tangu alipoacha kunyonya. Ana miaka kumi na tisa. Alikuwa anacheza mpira wa miguu kama vijana wote wa huku, hakuwa na chenga za kumshangaza mtu, lakini ana mguu, Mama Marceline, mguu ambao sijui aliutoa wapi. Mwanangu Gérard anaishi Amerika, na alipokuja likizo alimwona Ariel akiondoa mpira golini ukapita juu ya tanuru la matofali nyuma ya uwanja, ukaenda kuangukia kwa mafundi wa milango. Gérard aliporudi kwake alituma mpira wa Kiamerika, ule wenye umbo la yai, pamoja na ujumbe: mtoto ajifunze kuupiga huu, kule kuna vyuo vinavyomsomesha mtu bure kwa sababu ya mguu kama ule.

Nieleze kidogo, kwa wasomaji wako wasioujua mchezo huo, hata mimi sikuujua. Wachezaji wake karibu wote wanatumia mikono na mabega. Lakini kila timu ina mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga tu. Anaitwa uwanjani, anaupiga mpira upite katikati ya milingoti miwili mirefu, juu ya mwamba ulioiunganisha, halafu anarudi kuketi. Na kwa kuwa yai halisimami lenyewe, mtu mwingine anapiga goti na kulisimamisha ardhini kwa kidole kimoja, mpigaji anakuja mbio na kulipiga pale pale chini ya kidole. Mwenye kidole hapaswi kutikisika.

Hapo ndipo nilipoingia. Kwanza alishika rafiki yake Mukuka, ambaye ni golikipa, kijana mkubwa mwenye mikono kama majembe, lakini kila mguu wa Ariel ulipokaribia Mukuka aliondoa kidole, na mpira ukaanguka na kwenda kwenye matofali. Siku moja Ariel akaingia nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi, akaniambia, "Kambo, kuja unishikie." Kambo ndivyo watoto wa huku wanavyowaita babu na bibi zao, na hutaniana nao kama mume na mke. Nikamwambia, "Bwana wangu, unataka kunivunja vidole ili upate sababu ya kuoa mwingine?" Akasema, "Muke wangu, vile vidole vilishika chaki miaka yote, haviogope kitu." Nikaenda. Nikakunja kitenge, nikakikalia kwenye udongo mwekundu, nikaweka kidole juu ya ncha ya mpira. Mguu ulipita mbele ya uso wangu kama mlango unaofungwa na upepo, na sikuondoa kidole.

Watu walicheka. Jirani yangu Adolphine, ambaye hapitwi na jambo, alisimama na ndoo yake akapaza sauti, "Madame! Unalalia yayi ya nani hapo?" Nikamjibu, "Lako, likianguliwa nitakuita!" Tulicheka wote. Wakati ule tulikuwa tunacheka.

Nilianza kumfundisha, kwa sababu makosa yake niliyaona kama makosa ya ubaoni. Mguu wake wa kushoto, ule wa kukanyaga, ulitua mbali na mpira, kwa hiyo mwili uliinama na mpira ukakata kulia. Alipiga kwa vidole, nikamfundisha kupiga kwa mfupa wa juu ya mguu, chini kidogo ya tumbo la yai, ili mpira uzunguke kichwa juu ya mkia na kwenda moja kwa moja. Nilimkataza kuinua kichwa kutazama mpira unakokwenda kabla mguu haujamaliza safari yake. Nilimweka karibu na ukuta, kwenye alama ya mkaa, apige bila kukimbia, hatua moja tu, mpaka mguu ujifunze peke yake. Kabla ya kila pigo anachukua vumbi na kulimwaga, aone upepo wa kiangazi unavuta wapi. Tulisimamisha milingoti miwili ya mikaratusi mbele ya kichuguu kikubwa ili mipira isipotee. Na mtoto alishika, alishika upesi kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye, na Gérard alimtumia kocha mmoja wa huko picha zetu za video, na kocha akajibu.

Sasa nikuambie siri ya kidole changu. Mkono huu unatetemeka. Nimegundua kwamba nikibana pumzi unatulia, kwa hiyo kila Ariel anaporudi nyuma na kujipanga mimi navuta hewa, naifungia kifuani, kidole kinanyamaza. Hatukukubaliana lolote, lakini yeye aliona mabega yangu yakisimama na akazoea kuanza mbio wakati huo. Hiyo ndiyo ishara yake. Hahesabu, haangalii kingine, anasubiri nibane pumzi, anakimbia, anapiga, na mimi natoa hewa mpira ukiwa juu. Daktari anajua anachokikataza, na mimi najua ninachokifanya.

Kocha yule amemwita Ariel kwenye majaribio Lusaka, mwezi wa tisa. Lakini alisema pia, kupitia Gérard, "Nitumieni video ambayo anashika mtu mwingine." Tukamwita Mukuka. Safari hii Mukuka alijitahidi, alifumba macho lakini kidole hakukiondoa, na Ariel bado alikosea, kushoto, kulia, chini ya mwamba, alisimama kule nyuma akimtazama Mukuka mabega kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa kishikio cha chuma, fimbo nyembamba yenye miguu na kidole cha juu. Akakosea tena. Akakitupa chini. "Ile chuma haipumue, kambo," akasema, na akaja kuketi karibu nami, akaegemeza kichwa kwenye bega langu.

Mama Marceline, nilifurahi. Hilo ndilo ninaloungama mbele yako kabla sijafa. Mtoto alikuwa karibu kulia na mimi nilifurahi. Na jioni ile, alipokwenda kuoga, nilikichukua kile chuma nikakizamisha ndani ya gunia la makaa, na asubuhi nilipoulizwa nilisema nadhani wamepita watu wa vyuma chakavu. Bado kimo mle. Kila nikichota makaa ya kupikia nakigusa.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeshika mpira. Nilibana pumzi, nikaona mabega yake yakiinama kuanza mbio, halafu sikuona kitu. Giza halikuja polepole, lilikuja kama taa iliyozimwa. Nilisikia sauti ya mguu na mpira, ikitoka mbali sana, na mwanga uliporudi nilikuwa bado nimekaa, kidole kikiwa hewani, na Ariel anacheza mbele ya kichuguu kwa sababu mpira ulipita katikati. Nilikuwa nimekwenda na kurudi, naye hakujua.

Tangu hapo silali. Kufa kwenyewe nimekuzoea, nimewazika wengi. Ninachoogopa ni kufa pale, kidole kikiwa juu ya mpira, nikiangukia upande wake mguu ukiwa tayari unakuja. Ataniona chini na ataamini kwamba aliniua. Hakuna picha ya moyo itakayomtoa hilo kichwani.

Na watu je? Wewe unaijua Katuba. Kijana ana safari ya kwenda Amerika, na kikongwe wake anakufa miguuni pake, kwenye vumbi, ameshika kitu ambacho hapa hakuna anayekifahamu. Watasema alinitoa kafara. Watasema safari ilidai mtu na yeye akamtoa kambo yake. Mtaa wa nyuma kulikuwa na kijana aliyepata viza, shangazi yake akafa wiki ile ile kwa malaria, na watu waliivunja nyumba ya mama yake hadi madirisha, na yule kijana hajarudi kuzika mtu yeyote tangu siku hiyo. Juzi Adolphine alinikuta kwenye bomba la maji. Alisema, "Madame, mutoto anakukimbiliaka kila asubui, na weye unafungaka pumuzi. Minakuonaka. Ile njo dawa gani?" Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia Ariel. Nimemwambia! Nimemwambia mara mbili! Lakini unajua mjukuu na kambo yake wanavyosemezana huku kwetu, yeye ni bwana wangu na mimi ni mke wake, na kifo changu ndiyo mzaha wetu wa kila siku tangu alipokuwa mdogo. Nilimwambia, "Bwana wangu, karibu nitakufa."

"Kufa tu, muke wangu. Nitaoa mwenye meno."

"Nasema kweli. Moyo umechoka."

"Umechoka ju ya nini? Njo vile unapendaka ule muzee wa kanisa, minajua!"

Nikacheka. Nitafanyaje? Kinywa changu kilicheka kabla yangu. Mara ya pili nilianza kwa sauti ya darasani, nikamwambia daktari amesema, na yeye akapiga magoti, akajifunga kitenge changu kichwani, akaanza kunililia kama wajukuu wanavyofanya kwa utani kwenye kilio, akawaamuru maseremala ambao hawakuwepo wapunguze sanduku, "Huyu ni mufupi, mutuachie mbao tutengeneze kiti!" Nilicheka mpaka kifua kikauma, na alipoona nimeshika kifua aliniiga, naye akashika kifua.

Nifanye nini, mama? Nikiacha kushika, hatapiga Lusaka, na jambo alilolifanyia kazi litakwisha. Akiniamini kwamba nakufa, hatakwenda, ataketi mlangoni kunilinda, namjua. Nikinyamaza, labda kesho asubuhi ndiyo asubuhi yenyewe. Na kuna woga mwingine chini ya huo, naona haya kuuandika. Kidole changu kikikosa kazi, hakuna atakayegonga mlango wangu alfajiri. Naogopa kuwa peke yangu siku hiyo.

Nijibu upesi.

Mshika mpira, Katuba

*

JIBU LA MAMA MARCELINE

Madame,

Barua yako sikuichapa siku ilipofika. Nilimtuma mtu kwanza akakusomee jibu hili na kukuuliza kama nichapishe, nawe ukarudisha maneno mawili: "Chapa yote." Basi nimechapa yote. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, lakini tusidanganyane, hakuna kikongwe mwingine Lubumbashi nzima anayekalia kitenge alfajiri akishika mpira wa Kiamerika. Mtu wa kwanza wa Katuba atakayelinunua gazeti hili atakujua kabla hajamaliza aya ya pili. Ulilijua hilo ulipokuwa unaandika. Umenifanya shahidi kwamba mtoto hana hatia, na mimi nimekubali.

Pole, mama. Nilisoma ile sehemu ya giza mara kadhaa. Woga wako si wa kipuuzi, na hata ule wa majirani si wa kipuuzi, mimi nimeona nyumba iliyovunjwa madirisha kwa sababu ya maneno ya bombani. Nakuhurumia. Sasa niache nikugombeze.

Mtu wa miaka yako, Madame, uliyesimama mbele ya darasa, unaficha chuma ndani ya makaa na kuwasingizia watu wa vyuma chakavu! Kitoke leo. Kisafishe kwa mkono wako mwenyewe, ukimpe mtoto, umwambie ulikificha wewe na kwa nini. Atakasirika. Mwache akasirike, hasira hiyo ni haki yake.

Na kidole chako kimestaafu. Hakuna pigo moja la mwisho la kuagana, nakujua unaliwaza sasa hivi. Ulilishikia wiki iliyopita, lilipita katikati, na ukaishi. Tosheka nalo.

Unasema umemwambia mara mbili. Hapana. Umemtania mara mbili. Kati yenu kuna mlango mmoja tu wa kupitishia kifo, nao umejaa mizaha, kila unachopitisha hapo kinatoka upande wa pili kikiwa kimevaa kitenge kichwani. Kwa hiyo usiseme wewe. Mpigie Hortense simu, aache Kipushi katikati ya wiki, na kule kufika kwake siku isiyo Jumapili kutamshtua Ariel kabla ya neno lolote. Hortense aseme. Mama na mwanawe hawana utani. Awe na picha ya moyo mkononi. Wewe kaa hapo hapo na unyamaze. Kijana atakugeukia na kukurushia mzaha, kwa sababu ataogopa, na mzaha ndiyo njia pekee anayoijua ya kukushika mkono. Usiudake. Mtazame tu. Asipopata kicheko chako atajua.

Kuhusu Adolphine, najua unataka nikwambie umkwepe. Kinyume chake. Kesho mgongee mlango umwombe akusindikize kwa daktari, akubebee mkoba, aingie nawe ndani. Daktari amweleze yeye kama alivyokueleza wewe: moyo ulianza kuchoka zamani, kabla ya mpira, kabla ya Lusaka. Mwanamke aliyeshika mkoba wako mbele ya daktari hataki tena hadithi nyingine, ana ya kwake, na ya kwake ni bora. Ataisimulia bombani kabla hujavua viatu. Ule mdomo unaokunyima usingizi ndio utakaomlinda mtoto baada yako. Ugonjwa ni wako, utembee nao mchana watu wauone, usimwachie mjukuu aueleze peke yake siku ambayo hakuna atakayemsikiliza.

Sasa kazi. Wewe ni mwalimu, na hapa nakushangaa, kwa sababu ulirekebisha mguu wake wa kushoto, kichwa chake, mfupa wa mguu wake, na kosa kubwa kuliko yote ukaliacha kwa kuwa lilikupendeza. Mpigaji anayeondoka kwa pumzi ya kambo yake bado hajajifunza kupiga. Kule Amerika atashikiwa na mtu asiyemjua, ambaye hajui hata jina la Katuba. Aondoke pale mpira unapogusa ardhi na kidole kinapokaa juu yake, basi. Anzeni upya kwenye ile alama ya mkaa, hatua moja, na Mukuka ashike. Ariel asikimbie kwanza, atembee, apige polepole, mpaka Mukuka aache kufumba macho, halafu robo ya nguvu, halafu nusu. Woga wa Mukuka utafundishika kama ulivyofundishika mguu wa Ariel. Siku Mukuka hayupo, chuma kipo. Atakosea sana. Ni afadhali akosee sasa, wewe ukiwepo wa kumwambia kosa liko wapi.

Na kama atasema haendi Lusaka? Hilo ndilo swali uliloliweka chini kabisa ya mengine yote. Ana miaka kumi na tisa, na mpaka leo amechagua bila kujua anachokichagua, kwa sababu wewe ulificha chuma na kicheko kikaficha moyo. Mpe habari zote, halafu achague. Lusaka si mwezini. Mabasi yanakwenda na kurudi. Akienda, anakwenda akijua. Akibaki, anabaki akijua, na kocha anaweza kuombwa siku nyingine, Gérard ana simu. Lisilowezekana ni aende Amerika na maisha yake yote aangalie mguu wake wa kulia akijiuliza.

Limebaki lile uliloliandika kwa haya. Hupendi kuwa peke yako siku ile. Mama, hilo haliombwi kwa kidole juu ya mpira. Liombe kwa jina lake. Mwambie Hortense, "Naogopa, njoo ulale hapa." Maneno yote ni hayo. Umelea mtoto wake tangu alipoacha kunyonya, hatakuuliza kwa nini. Na Adolphine anaamka mapema kuliko jogoo, mwambie agonge mlango wako kila alfajiri akienda bombani. Atafurahi kuwa na sababu.

Halafu vaa sweta, subiri jua lipande, upelekwe uwanjani. Uwekewe kiti chenye mgongo, kando, mbali na milingoti, mahali ambapo kijana akitazama mabega ya mtu hayatakuwa yako. Mukuka atapiga goti. Ariel atamwaga vumbi lake aone upepo, atarudi nyuma, atajipanga. Na wewe, kwa mazoea, kifua chako kitaanza kujifunga.

Pumua, Madame. Mpira una mtu wa kuushika.